Vitabu Thelathini na Kimoja vya Dokta Vitus

Kwa miaka kumi na tisa Tumpe amekaa kwenye dirisha la kuazima vitabu, maktaba ya chuo kikuu kimoja hapa Mbeya. Sisi wanafunzi tulimwita Mama Brayson. Dokta Vitus, mhadhiri wa historia, alimwita "we Tumpe", hata mbele yetu.

Chuo kilipoamua kuingiza maktaba kwenye kompyuta, wafanyakazi watano walipangiwa mafunzo Iringa. Dokta Vitus, mjumbe wa kamati, alilikata jina la Tumpe. "Huyu wa darasa la saba akafanye nini huko?" Kamati ikacheka. Tumpe alikuwa mlangoni, ameshika birika la chai yao.

Hakulia. Kwa miezi minne, kila jioni, alijifunza kompyuta kwenye duka la stesheneri, mtaa wa Soweto hapa hapa Mbeya. Waliotoka Iringa walipochoka kuingiza kadi za kuazimia kwenye kompyuta, kazi ikamwangukia yeye.

"Kadi za zamani za walimu ziache," mkuu wa maktaba alimwagiza. "Tuanze upya."

Hakuziacha. Thelathini na moja zilikuwa na sahihi ya Dokta Vitus, za vitabu alivyoazima asirudishe, nyingine za tangu 2011. Vitabu vingi kati ya hivyo vilikuwa nakala pekee, na sisi tulifeli kwa kuvikosa. Aliziingiza zote, kwa raha kabisa.

Mwaka jana Vitus akapata ukuu wa idara chuo kimoja Iringa. Barua ilisema wazi: asiporipoti Jumatatu, na fomu ya kuonyesha hadaiwi, yenye muhuri wa maktaba yetu, nafasi anapewa mwingine. Ijumaa akaleta fomu. Kompyuta ikakataa: anadaiwa vitabu thelathini na kimoja.

"Mama Brayson, mama yangu, hiyo mashine imekosea."

"Sahihi ni yako, Dokta. Hii hapa."

"Basi vifute tu. Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

Alasiri akarudi na maboksi, akapanga foleni nyuma ya wanafunzi. Tumpe alivipokea kimoja kimoja, akisoma kila jina kwa sauti.

"Ndaga, Dokta," akamshukuru kwa Kinyakyusa. "Ishirini na tisa. Bado viwili."

"Viko kwa shemeji yangu, Tosamaganga, Iringa huko! Nitavituma."

"Kavilete."

"Jumatatu naripoti, mama!"

"Tunafunga saa kumi na nusu, mpaka Jumatatu."

Ilipofika, akafunga.

Wapo wanaosema alizidisha. Hao hawajawahi kufanya mtihani wa kitabu kilichofungiwa sebuleni kwa mwalimu.

Jumatano Vitus alivileta viwili vile. Iringa walishamteua mwingine. Tumpe alivipokea, akavuta fomu isiyo na kazi tena, akagonga muhuri, akaugandamiza vizuri.