Anamjua kwa Miaka 34, Lakini Lazima Amuulize Jina

Saa moja kasoro dakika tatu asubuhi. Glenys Outhwaite ananyanyua sanduku la kura kwa mikono miwili, analipindua mdomo chini na kulitikisa mbele ya watu wanne waliodamkia mlangoni. Hakidondoki kitu.

"Mmeona wenyewe, vipenzi?" anauliza. "Tupu kama tumbo langu."

"Tumeona," anajibu mzee mmoja mwenye mbwa. "Funga basi tupige kura, huyu hajanywa chai na akikosa chai anang'ata."

Analifunga kwa lakiri ya plastiki na kusoma namba yake kwa sauti. Karani wake, Rukhsana Mirza, anaiandika. Saa inapogonga, chumba cha mazoezi cha bendi ya matarumbeta ya Thornsyke kinageuka kituo cha kupigia kura. Viti vya wanabendi vimesukumwa ukutani, na ngoma kubwa imefunikwa shuka ili mtu asije akaipiga.

Leo, mwanzoni mwa Mei, watu wa kata hii, kaskazini mwa Uingereza, wanachagua diwani mmoja na meya wa manispaa yao ya Aldersyke. Mpaka saa nne usiku Glenys haruhusiwi kutoka humu ndani hata kwenda kununua maziwa.

Siku nyingine zote za mwaka Glenys, mwenye umri wa miaka 61, ni mpishi wa shule ya msingi. Hupikia watoto 240, na anajua kwa majina wale wanaoficha njegere chini ya viazi. Kazi ya usimamizi wa kituo huifanya siku moja tu kwa mwaka, na mwaka huu ni mara ya ishirini na mbili. Analipwa pauni 290 kabla ya kodi, karibu sawa na mshahara wake wa wiki nzima jikoni.

"Hela naipenda, sitakudanganya," anasema. "Lakini kinachonitoa kitandani ni udaku. Mwaka mzima mtu humwoni, halafu siku moja mtaa wote unapita mbele yako, mmoja mmoja, na kila mmoja anakutajia jina lake kama vile hamjawahi kuonana."

Hilo la kujifanya hamjuani ndilo lililomtia mashakani.

Mwaka jana, katika uchaguzi wa diwani, aliingia chumbani humu Alwyn Thackray. Ni mshona magodoro mstaafu, mwenye miaka 81, ambaye tangu apate haki ya kupiga kura hajakosa hata uchaguzi mmoja. Nyumba yake na ya Glenys zinashirikiana ukuta mmoja, na wameishi hivyo kwa miaka 34. Glenys anazijua chafya zake. Alwyn ndiye aliyembebea mlango wa jiko Glenys alipohamia, na ndiye aliyekuwa akimwekea viazi vya shambani kizingitini bila kubisha hodi.

Siku hizi sheria inataka mpiga kura aonyeshe kitambulisho chenye picha. Alwyn hakuwa nacho. Hajawahi kuendesha gari, kwa hiyo leseni hana. Pasipoti ya nini, wakati pwani ya Bridlington, hapo hapo Uingereza, ina bahari ya kutosha? Kadi ya wazee ya kupanda basi bure aliikataa tangu zamani, akisema basi ni la watu waliochoka miguu.

"Kitambulisho, Alwyn," Glenys alimwambia.

"Nimekuja na uso wenyewe. Picha ya nini?"

"Ndiyo sheria, kipenzi. Nenda kaangalie nyumbani, tupo mpaka saa nne usiku."

"Glenys. Hunijui mimi?"

"Nakujua."

"Basi nipe karatasi yangu."

Hakumpa. Rukhsana, ambaye siku za kawaida hukaa dirishani katika benki ya akiba na si mtu wa kuchezea kanuni, alimnong'oneza mwenzake: "Si jirani yako wa ukuta huyu? Wewe!" Glenys alitikisa kichwa. Alwyn alivaa kofia yake, akatoka, na hakurudi. Kwenye fomu ya jioni, penye nafasi ya idadi ya waliorudishwa, Glenys aliandika moja.

"Nimeandika namba nyingi katika fomu zile," anasema. "Ile moja ndiyo pekee ninayoikumbuka."

Tangu siku hiyo Alwyn hakumsemesha tena. Wakikutana kwenye mapipa ya taka, alitazama mapipa. Viazi vikakoma. Glenys alichukua fomu ya cheti cha mpiga kura, ambacho manispaa hukitoa bure kwa mtu asiye na kitambulisho, akaipenyeza chini ya mlango wake. Kesho yake ikarudi kupitia mlango wa Glenys. Juu yake palikuwa na maneno ya penseli: "Siombi ruhusa ya kuwa mimi."

"Nilicheka, halafu nikalia," anasema Glenys. "Maana mtu mkaidi anaudhi, lakini alikuwa na haki ya kuudhika. Nami nilikuwa na haki ya kumkatalia. Sasa hapo unamwomba nani msamaha, na kwa kosa gani?"

Ndiyo maana leo, kabla ya kufungua mlango, amelipitia daftari la wapiga kura mpaka kwenye namba 417. Thackray, Alwyn. Wanaopiga kura kwa posta huwekewa herufi ya alama kando ya majina yao. Hapa hakuna herufi. Kama Alwyn atapiga kura mwaka huu, atapita mlango huu huu, na kama hana karatasi yenye picha yake, Glenys atamrudisha kwa mara ya pili.

"Na mara ya pili," anasema, "hakuna cha kurekebisha tena. Hapo ni kuhama mtaa."

Asubuhi inakwenda kwa shamrashamra. Mwanamke mmoja amekuja na kalamu yake ya wino kwa sababu ameambiwa kuwa kura za penseli za kituoni hufutwa usiku. "Na nani, kipenzi?" Glenys anamuuliza. "Mimi mwenyewe nikifika nyumbani nafuta vyungu tu." Hata hivyo anamwacha atumie kalamu yake, kwani haikatazwi.

Mwingine anachungulia kutoka kwenye kituturi, kibanda cha kupigia kura, akiwa na karatasi ya njano mkononi.

"Meya mwenye mkufu simwoni hapa."

"Yule wa mkufu ni wa kukata utepe, huchaguliwa na madiwani. Huyu wa kwenye karatasi ndiye anayeamua."

"Na huyu wa kuamua havai mkufu?"

"Havai."

"Sasa tutamjuaje?"

Rukhsana anajifanya kukohoa. Nje, mawakala wawili wa vyama vinavyopingana wamekaa kwenye benchi moja wakigawana biskuti, kila mmoja na ua la utepe kifuani. Kufikia saa sita mchana watu 203 wamekwisha kupiga kura. Namba 417 bado haina mstari.

"Acha kukodolea hilo jina," anasema Rukhsana. "Utalitoboa."

"Silitazami."

"Unalitazama, Glenys. Daftari liko kwangu, na wewe ndiye unayelisoma kichwa chini miguu juu."

Saa kumi na dakika ishirini alasiri mlango unafunguka na mtu mwenye tai anaingia, polepole, akishika viti vya wanabendi kimoja baada ya kingine. Glenys anamtambua kwa kofia kabla ya kumtambua kwa uso. Moyo unampasuka, kwa maneno yake mwenyewe, "paa, kama kifuniko cha sufuria."

Rukhsana anafungua mdomo kumkaribisha. Glenys anamgusa mkono. Hili ni lake.

"Jina lako, tafadhali," anasema.

"Unalijua jina langu."

"Nalijua. Lazima ulitaje."

Mwenye kalamu ya wino alishaondoka, foleni hakuna. Alwyn anavua kofia.

"Alwyn Ebenezer Thackray. Namba tisa, mtaa wa Hebble."

"Ebenezer?" anauliza Rukhsana, hakuweza kujizuia.

"Ndiyo maana sikutaka kulitaja," anasema Alwyn.

Kisha anatia mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti na kuweka mezani karatasi iliyokunjwa kwa uangalifu. Ni cheti cha mpiga kura. Alikwenda mwenyewe ofisi za manispaa, Novemba, kwa miguu, mwendo wa maili mbili, na hakumwambia mtu.

Glenys anakikunjua. Furaha yake haidumu. Mtu wa kwenye picha ana uso wa mviringo, mashavu yaliyojaa na masharubu meupe mazito yaliyochanwa kuelekea chini. Mtu aliyesimama mbele yake hana masharubu. Mashavu yameingia ndani, shingo inacheza katika ukosi wa shati, na mifupa ya uso imejitokeza yote.

Sheria haisemi kwamba cheti kinatosha. Inasema msimamizi wa kituo lazima atazame picha, atazame mtu, na aridhike kwamba ni mmoja. Asiporidhika, anamrudisha.

Basi anamtazama. Kwa mwaka mzima mtu huyu hakumpa nafasi ya kumtazama usoni, na sasa sheria ile ile iliyowagombanisha inamlazimisha kufanya hivyo, macho kwa macho, bila haraka. Anaona jicho la kushoto linaloshuka kidogo upande wa nje. Anaona kovu la sindano ya magodoro kwenye kidevu, ambalo zamani masharubu yalilificha nusu, na ambalo Alwyn alimsimulia mara mia. Anaona pia kuwa mtu huyu ameumwa sana.

"Niliona aibu," anasema Glenys. "Januari nyumba ilikaa kimya wiki tano. Nilidhani amekwenda kwa dada yake. Kumbe alikuwa hospitali, upande wa pili wa ukuta wangu kitanda kitupu, nami napika supu na kusema, mwache na ukaidi wake."

"Ni yeye," anamwambia Rukhsana. Anakikunja cheti na kumrudishia Alwyn. "Ni yeye. Mpe."

Rukhsana anapiga mstari kwenye namba 417 na kumkabidhi karatasi mbili, nyeupe ya diwani na ya njano ya meya. Alwyn anaingia kwenye kituturi. Anakaa humo muda mrefu, na penseli inasikika ikikwaruza mara mbili. Anatoka, anazitumbukiza karatasi moja moja, kisha anauliza kama anaweza kuketi kidogo. Glenys anamvutia kiti cha mpiga trombone.

"Ungeniambia," anamwambia kwa sauti ya chini.

"Ningekuambiaje? Tulikuwa hatusemeshani."

"Nani alikuwa hasemeshi?"

"Mimi," anakubali Alwyn. "Lakini na wewe ulinifukuza."

"Nilikufukuza, ndiyo. Na ungekuja leo mikono mitupu ningekufukuza tena."

"Najua. Ndiyo maana nilikwenda kukichukua." Anakipigapiga kile cheti kwenye goti. "Wameniambia kinafaa miaka kumi. Hao wa manispaa ni wakarimu kuliko daktari."

Rukhsana anainuka ghafla kwenda kuchemsha maji ya chai ambayo hakuna aliyeyaomba.

Sheria inamfunga Glenys mdomo: hawezi kutaja nani amepiga kura na nani hajapiga mpaka vituo vifungwe. Haya yote ameyasimulia siku tatu baadaye, jikoni kwake, baada ya Bwana Thackray mwenyewe kusema yaandikwe, ila jina la katikati lisirudiwe zaidi ya mara moja.

Kata ilipata diwani wake na manispaa ikapata meya wake. Alwyn anasema mmoja alimpigia kura na mwingine hakumpigia, na hamwambii mtu yupi ni yupi. Kwa Glenys swali lingine ndilo lililobaki.

"Mwaka jana kumjua kwangu hakukusaidia chochote," anasema. "Mwaka huu, ndiko kulikompitisha. Angemkuta msimamizi mgeni pale mezani, na ile picha, wallahi angemrudisha. Hilo linaninyima usingizi."

Kwa hiyo amefanya uamuzi ambao ofisi ya uchaguzi haijaupokea vizuri. Mwakani hatasimamia kituo. Kura yake, ambayo kwa miaka yote hiyo ameipiga kwa posta kwa sababu ya kazi, ataipiga kwa mkono wake katika chumba cha bendi, akiwa kwenye foleni nyuma ya Alwyn, karibu kiasi cha kumdaka akiyumba. Pauni 290 zitaota mbawa. Rukhsana amekubali kukaa kwenye kiti chake, kwa sharti kwamba wote wawili waje na vitambulisho na wasimletee maneno.

Linabaki jambo la picha. Glenys anataka Alwyn apigwe nyingine na kuomba cheti kipya, ili mtu yeyote asiyemjua amtambue. Alishampangia na duka la dawa, ambalo pia hupiga picha za vitambulisho, Jumanne saa nne asubuhi. Alwyn amekataa. Amesema hapigwi picha akiwa hivi, na kwamba wasubiri kwanza masharubu yaote.

"Nikamuuliza yatachukua muda gani," anasema Glenys. "Akajishika mdomo wa juu, akapiga hesabu, akasema yakishika vizuri ni kama mwezi wa kumi. Ni mara ya kwanza tangu tupatane namsikia akitaja mwezi ambao haujafika. Nikapiga simu duka la dawa, nikawaambia waiahirishe."