Dalali Aliyebaki Barazani

Chome ni dalali wa nyumba hapa Kona ya Musa kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, na zamani hakukubali kabisa mnunuzi aingie nyumba bila yeye. Sisi madalali wenzake tulimcheka. Tulimwambia mteja anataka kuona choo na jiko, hana haja ya kukuona wewe. Yeye alishikilia kwamba nyumba haijui kujieleza, na ukweli ni kwamba aliuza kutushinda sote.

Mwaka jana alipewa auze nyumba ya mama mmoja, Mwanapili, kule Msambweni. Ilikuwa nyumba yake mwenyewe, aliyoachiwa na mamake, na alitaka kuiuza kwa sababu moja tu: binti yake Bushra, wa miaka tisa, alikuwa na tundu la moyo, na madaktari walitaka apelekwe India upesi. Shughuli haijafika mbali, mumewe akafariki, na Mwanapili akakaa eda ya mjane, miezi minne na siku kumi ndani. Mwanamume wa kando haingii kwa mwanamke aliye edani. Kwa hiyo siku alipopatikana mnunuzi, mama wa Nairobi aitwaye Rispah, Chome alibaki barazani.

"Karibu ndani, mama. Mwenyewe yupo," akamwambia.

Basi, hilo tu. Neno eda halikumtoka. Angelitajaje, naye tangu azaliwe hajakutana na mtu wa kuelezwa eda ni nini? Hapo ndipo ninapokasirika, kwa sababu hata mimi nisingelitaja.

Dakika tano hazikutimia, Rispah akatoka mbio.

"Huyo mama ni nani? Amekaa gizani na nguo nyeupe, chumba chote ni moshi wa ubani, hata kuongea haongei. Hii nyumba iko na majini!"

"Mama, ngoja nikueleze. Yule amefiwa na..."

"Usinieleze kitu."

Gari likaondoka. Wiki ile ile habari zikawafikia watu wa bara waliokuwa wakitafuta nyumba huku kwetu, na simu ya Chome ikanyamaza. Alishusha bei. Alibembeleza watu Diani, akapanda hadi Kwale kwa wafanyakazi wa serikali. Hakuja mtu. Bushra alifariki siku kumi na mbili kabla mamake hajatoka eda.

Eda ilipokwisha, Chome alikwenda kumpa pole, nami nikafuatana naye. Mwanapili alitupokea kwa adabu zote, akatuwekea kahawa. Chome alianza kuomba radhi, akakwama. Kisha, maskini, akasema lile alilokuwa nalo mfukoni tangu jana: mnunuzi amepatikana, mtu wa hapa hapa, tena anataka haraka.

Mwanapili akamsogezea kikombe chake.

"Niuze nimpeleke nani India, kaka Chome?"