Chupa Aliyowekewa Baba

Mdogo wangu wa kiume ni mtu wa mvinyo. Sisemi mnywaji, nasema hiyo ndiyo kazi yake. Katika hoteli moja ya watalii kule Arusha, yeye ndiye anayemfuata mgeni mezani, anamuuliza maswali mawili matatu, anasikiliza anavyoagiza chakula, kisha anamchagulia mvinyo utakaokwenda na sahani yake. Waajiri wake waliwahi kumpeleka Ufaransa akasomee. Mama, aliyelima mahindi na ulezi kule Mwazye maisha yake yote, na ambaye divai anaijua ile ya altareni tu, huwaambia wenzake wa jumuiya kwamba mwanawe "anahudumia divai", nao hudhani amekuwa bruda wa misheni.

Alipopata likizo ndefu alipiga simu akasema anakuja nyumbani kutuandalia chakula cha jioni kama anavyowaandalia wageni wake, kila mtu na mvinyo wake wa Kifaransa. Kabla ya safari akawa anatuhoji kwa simu. Mama aliulizwa utamu anaoupenda ni wa asali, wa miwa au wa togwa. Mimi niliulizwa kama chai yangu nakunywa na tangawizi au bila. Baba, ambaye siku hiyo alikuwa amelala kwangu mjini, mtaa wa Chanji, aliulizwa ni harufu gani akiinusa anarudi utotoni.

"Kamba za ngozi za kufungia maksai," akasema baba, "zikishaloa jasho. Na moshi wa jikoni kwa mama yangu."

Mdogo wangu alicheka kwa furaha upande wa pili. "Baba, chupa yako ninayo! Nimeiweka tangu nilipokuwa kule kule Ufaransa. Nilikuwa sijui ni ya nani. Kumbe ni ya kwako."

Simu niliishika mimi, nimeiweka sauti kubwa ili baba asikie. Nilitazama chini nisikutane na macho yake, maana wakati huo mimi na yeye tulikuwa tumeshatoka Mbeya.

Mbeya tulikwenda, mama akijua ni kupima macho. Ukweli ni kwamba baba alikuwa amekonda, tumbo linajaa upande mmoja, na hospitali ya hapa ilituandikia twende kwenye vipimo vikubwa. Daktari wa huko alikuwa kijana mpole. Alisema ini la mzee limeanza kuwa gumu, kwamba ni homa ya ini aliyokaa nayo miaka mingi bila kujijua, wala si pombe iliyomletea. Lakini pombe ndiyo itakayommaliza. "Kuanzia leo, mzee, hata tone," alisema. "Hata la kuonja."

Kwenye basi la kurudi baba alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nikiwa mtoto.

"Mama yako asijue kwanza," alisema. "Na mdogo wako asijue kabisa mpaka aje, akae, aondoke. Anakuja kwa furaha. Usimwekee msiba mezani."

"Baba, lakini..."

"Nimesema."

Basi nikabeba. Mama aliuliza miwani iko wapi, nikasema inatengenezwa. Aliuliza tena, nikasema bado. Baba aliacha kwenda kilabuni, akasingizia baridi, na kwa kuwa ilikuwa Juni, na upepo wa Ufipa wakati huo hupenya hata koti zito, mama aliamini. Pombe yake ya ulezi aliyompikia ilikaa mtunguni mpaka ikachacha, akaimwaga huku akinung'unika kwamba mumewe anazeeka vibaya.

Baba na mama walikuja kwangu kumsubiri, naye mdogo wangu akafika na sanduku lililosheheni masweta, na ndani ya kila sweta chupa. Glasi nazo alikuja nazo, zile zenye mguu mrefu, amezifunga kwa taulo. Mume wangu ni dereva wa lori na wakati huo alikuwa bandarini Kasanga akisubiri kupakua mzigo wa meli ya Kongo, lakini alitutumia kuhe, wale samaki wa ziwani, wawili wakubwa kwenye barafu. Tulikuwa jikoni tukiwaparua magamba nilipojaribu kusema.

"Baba siku hizi hanywi sana," nikamwambia.

"Nani amesema atakunywa sana? Mvinyo si gongo, dada. Ni vidole viwili kwenye glasi."

"Hata hivyo. Umri ule. Labda umpe soda tu, anuse ya kwetu."

Aliacha kisu akanitazama. "Nimebeba chupa hiyo nchi mbili. Nimeilinda nisije nikaiuza, na kuna watu walitaka kuinunua. Ninyi mmenisomesha kwa mahindi yenu, leo nataka nimmiminie baba yangu, unaniambia nimpe soda. Nini, dada? Unaona aibu na kazi yangu?"

Nikasema hapana. Nikasema sina maana hiyo. Akarudi kwa samaki wake, lakini hakupiga tena mluzi kama mwanzo.

Kesho yake alipotoka kwenda sokoni kutafuta vitunguu na nyama ya mbuzi, niliingia chumbani alikolala. Chupa ya baba niliitambua kwa sababu ilikuwa peke yake juu ya meza, imesimama, ina vumbi ambalo hakutaka kulifuta. Niliinyanyua. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Sakafu yangu ni ya saruji, ingetosha kuiachia. Nikasimama nayo mpaka nikasikia mama anakohoa uani, nikairudisha palepale na kutoka.

Jioni tulikaa wanne: baba, mama, mimi na mdogo wangu, mwenyeji wetu wa usiku huo. Alikuwa amevaa shati jeupe na aproni nyeusi, kitambaa mkononi, na kwa mara ya kwanza nilimwona kama wageni wake wanavyomwona. Hakuwa tena mtoto wa kulialia. Alitembea polepole. Alimmiminia mama kwanza.

Kwa kuhe wa kukaanga alianza na mvinyo mweupe, wote sawa. Akatufundisha kushika glasi kwa mguu wake, kuizungusha, kuingiza pua. "Mnasikia nini?"

"Ndimu," nikasema, ingawa nilikuwa sisikii chochote isipokuwa moyo wangu.

"Jiwe lililolowa," akasema mama, na mdogo wangu akapiga kofi mezani kwamba mama amepata, kwamba watu wanalipa ada kufundishwa hilo.

Baba alikuwa bado ameshika glasi. Alinusa. Akaniangalia juu ya ukingo wake. Kisha akauliza, kama mtu aliyepata wazo hivi hivi tu, "Mwanangu, kwa kazi hii si utakuwa mlevi? Unaonja chupa ngapi kwa siku?"

"Ah, baba, sisi hatumezi. Tunaonja, tunatema kwenye ndoo maalumu. Ukimeza zote utaanguka kabla ya mchana."

"Mnatema?"

"Wataalamu wote wanatema."

"Basi niletee bakuli," akasema baba. "Leo na mimi ni mtaalamu."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikakimbia jikoni kuleta bakuli la plastiki, na nilipokuwa huko niliegemea ukuta kidogo nikavuta pumzi. Nilirudi nikamkuta baba ameshaweka mvinyo mdomoni, anausukasuka kama alivyoonyeshwa, uso ameukaza kwa makini. Akautema wote. Akafuta midomo kwa leso. Nililitazama bakuli na kulilinganisha na glasi, kana kwamba ningeweza kujua kama kuna kilichobaki.

"Unatema divai ya watu iliyotoka Ufaransa," mama akasema, "kama maji ya kusukutulia?"

"Ndiyo ufundi wenyewe, mama," akasema mdogo wangu, na alikuwa amefurahi kweli, maana aliona baba anaichukulia kazi yake kwa uzito.

Ukaja ugali wa ulezi na kuku wa kienyeji. Hapa kila mtu alipata wake. Wa mama ulikuwa wa rangi ya dhahabu, mtamu, kutoka mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani. Mama aliunywa, akafumba macho, akasema neno moja la Kifipa ambalo kwetu mtu hulisema akipakata mtoto mchanga. Wangu ulikuwa mwekundu mwepesi, wenye ukali kidogo kwa ajili ya ile tangawizi yangu, na najua ulikuwa mzuri kwa sababu niliambiwa. Baba alionja wa mama, akatema. Alionja wangu, akatema. Alianza hata kusema maneno yake: huu una haraka, huu umekaa. Mdogo wangu alikuwa akimsikiliza ameinama kama mwanafunzi, nami nikaanza kufikiri kwamba tutapita, kwamba tutafika mwisho.

Mwisho ikaja nyama ya mbuzi ya kuchoma, na chupa yenye vumbi.

Aliifungua polepole mno. Alituambia inatoka kusini mwa Ufaransa, kwenye bonde la mto Rhône, kwenye milima yenye upepo usiokoma kama wa kwetu. Alimmiminia baba peke yake. "Sisi tutasubiri," akasema. "Mwenye chupa kwanza."

Baba aliweka pua ndani ya glasi. Hakuitoa. Tulisikia upepo ukigonga bati, na yeye bado ameinama humo. Alipoinua uso macho yalikuwa na maji.

"Maksai," akasema. "Jamani, umewapata wapi?"

Akavuta mvinyo kidogo. Aliusukasuka mdomoni. Nilisogeza bakuli karibu yake, nikalisogeza tena mpaka likagusa mkono wake. Hakulitazama. Alikuwa ananitazama mimi, kwa namna ya mtu anayeomba ruhusa na hataki kujibiwa, na nikaona koo lake linapanda.

"Baba, tema!"

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nyumba. Mama aliruka kwenye kiti. Baba alimeza.

"Kwa nini ateme?" akauliza mdogo wangu. Alikuwa bado amesimama na chupa. "Dada, kwa nini ateme? Hii ni yake. Kwa nini unampigia baba kelele?"

Nilifungua mdomo, machozi yakatangulia.

"Keti," baba akamwambia. Naye akaketi, na baba akaeleza mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza shamba limevunwa magunia mangapi: Mbeya, ini, daktari, hata tone.

Mama hakulia. Aliniuliza mimi, si yeye. "Macho, ulisema."

"Ndiyo, mama."

"Miwani, ulisema."

Nikainamisha kichwa.

"Mimi ndiye niliyemfunga mdomo," baba akasema. "Msimguse."

Mdogo wangu alinyoosha mkono akaiondoa glasi mbele ya baba, akaiweka mbali, mwisho wa meza. Alikuwa amejaa hasira asijue aipeleke wapi. "Jana nilikuuliza," akaniambia. "Nilikuuliza, ukaniacha nikafikiri unanionea aibu. Nimemmiminia sumu kwa mkono wangu mwenyewe na ulikuwa umekaa hapo."

"Sumu gani," akasema baba. "Nimemeza funda moja tu, nimemeza kwa kupenda. Daktari nitamwambia. Irudishe hapa."

"Hapana, baba."

"Sitakunywa. Irudishe ninuse. Pua haina ini."

Mama ndiye aliyeinuka kuileta. Aliiweka mbele ya mumewe, kisha akavuta kiti chake mpaka ubavuni pake, akaweka kiganja juu ya mkono wake wa kulia, ule wa kunywea, na hakukiondoa tena. Mdogo wangu alisita, akaja akachuchumaa upande wa pili. Baba alinusa akasema moshi. Mdogo wangu akasema ndiyo, moshi, na sasa tafuta pilipili manga, iko nyuma. Baba akaitafuta. Waliendelea hivyo mpaka nyama ikapoa, wakisahihishana, na kila baba alipoinua glasi mimi nilihesabu umbali kati yake na midomo.

Hakudhurika usiku ule. Tulikwenda Mbeya sote wanne wiki hiyo hiyo, mdogo wangu akiwa ameomba kuongezewa likizo, na baba alimwambia daktari mwenyewe, "Nilimeza funda moja." Daktari alimkaripia kama mtoto. Dawa zikabadilishwa. Sasa anakwenda kliniki, tumbo linapungua na kujaa, shamba analilima kwa mdomo, anawaelekeza vijana akiwa amekaa. Mdogo wangu hupiga simu kila Jumapili, nami simu ya Mwazye ikilia siku ambayo si Jumapili, huwa nashindwa kuipokea mara ya kwanza.

Mama alikuwa ananijibu, lakini kwa maneno mafupi, kwa miezi kadhaa. Nilikwenda kumsaidia kupukuchua mahindi ya mbegu mvua zilipokaribia.

"Siku nyingine," akasema bila kuinua kichwa, "ukipewa siri ya mume wangu, niletee mimi."

"Ndiyo, mama."

Akanisogezea hindi lingine.