Alama Tano za Bustani ya Minto

Nilitoka nyumbani kwangu Lidcombe kwa sababu ya maji. Kule Minto, nyuma ya kanisa la Wakongo, kinamama wameazimwa kiwanja walime mboga, na mvua ikinyesha kiwanja chote hugeuka bwawa. Halmashauri ikawaandikia walete ramani ya miinuko. Maji yakionekana yana njia ya kufika mfereji wa barabarani, wachimbe mtaro waendelee kulima. Yakionekana yanaelekea kwa jirani, bustani ifungwe. Ndipo nikaitwa mimi, Shaban, mpima ardhi niliyejifunza kazi Morogoro na ambaye hapa Sydney siku nyingi hupanga maboksi ghalani. Nilikubali kabla hawajamaliza kuniomba.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilipanda treni na begi lenye turubai tano ndogo, zilizopakwa miraba myeusi na myeupe. Granville akapanda Njeri, Mkenya mwenye leseni ya kurusha droni, amelikumbatia sanduku lake kama mtu aliyebeba mtoto. Ukungu ulikuwa umelala juu ya reli, na paa za nyumba zilitokeza na kuzama humo polepole. Asubuhi za namna hii huwa nasahau niko nchi gani, na sifanyi haraka kukumbuka.

Glenfield tulibadilisha treni. Begi nililisahau kitini. Njeri ndiye aliyelibeba.

Huenda ndugu zangu mnaosoma huko nyumbani mnajiuliza turubai ni za nini. Droni hupiga picha mamia, na kompyuta huziunga zikawa ramani. Lakini ramani hiyo ikiachwa peke yake huelea, haijui imekaa wapi hasa, na mara nyingine ardhi tambarare huonekana imebonyea kama sahani. Kwa hiyo tunatandika alama chini, tunapima mahali pa kila moja na urefu wake kwa kipokezi cha setilaiti kilichofungwa juu ya fimbo, kisha tunaiambia kompyuta: hapa ni hapa. Ni kama kubana shuka kwenye kamba siku ya upepo.

Minto tulipokewa getini na Mama Furaha, kiongozi wa kinamama wale, mtu wa Uvira. Nilitandika turubai nne pembeni na moja katikati, nikazipima zote. Nilipomaliza tu, Mama akatushika mikono.

"Sasa mukule kwanza. Kazi ya njaa haiko kazi."

Tulikula ugali na sombe, yaani kisamvu, ndani ya kanisa hadi macho yakawa mazito. Kisha Njeri akarusha droni. Nilisimama nikiitazama ikienda na kurudi angani, sauti yake kama nyuki wa mbali, na juu ya skrini nikatuona sisi wenyewe, vivuli vidogo vinne vitano kwenye kijani. Nilijisikia mwepesi, kana kwamba aliyesimama pale chini alikuwa mtu mwingine.

Saa kumi na mbili jioni, nyumbani kwa Njeri, ndoto ilikatika. Alama nne zilikubaliana na picha. Ya tano, ya pembeni kwenye uzio wa jirani, ilikataa kabisa, kwa zaidi ya nusu hatua.

"Si tui-delete tu, bro?" Njeri akasema. "Hizo zingine ziko fiti."

Tukaiondoa kujaribu. Ramani ikatoka nzuri, na ikasema maji yanakwenda kwa jirani. Yaani bustani ifungwe.

"Kona hiyo sasa haijashikwa na kitu," nikamwambia. "Inaelea. Siwezi kuwafungia watu shamba kwa kona inayoelea."

"Lakini council wanataka report kesho."

"Basi kesho asubuhi niko Minto."

Kesho yake nilikwenda peke yangu na kipokezi. Turubai zote zilikuwa bado chini. Nilipoinama kwenye ile ya tano, Mama Furaha alikuja akasimama karibu yangu, akifuta mikono kwenye kitenge muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Mwanangu, hiyo nilisogeza. Kiloko, kidogo tu, wakati mulikuwa munakula. Ilikuwa inalalia batoto ya lengalenga yangu."

Nikatazama pembeni. Miche midogo ya mchicha, mingine imelala chali. Jana nilidhani ni udongo mtupu, nami ndiye ninayejiita mpima ardhi. Niliona aibu.

"Niirudishe pahali yake?" akauliza.

"Hapana, Mama. Baada ya hapo hukuigusa tena?"

"Hata kidogo."

"Basi iache hapo hapo. Picha zimeiona ikiwa hapa. Nikijua hapa ni wapi, inatosha."

Nikasimamisha fimbo, nikapima upya. Nikajiwazia mwenyewe. Miaka yote hii mimi hungoja kurudishwa nilipokuwa.

Saa nne nilikuwa kwenye benchi la kanisa na kompyuta mapajani. Alama zote tano zikakubaliana. Kona ile ikanyanyuka kwa kiasi cha upana wa kiganja, na maji yakageuka, yakaacha uzio wa jirani, yakashuka hadi mfereji wa barabarani. Bustani ilikuwa imepona. Nilimchorea Mama mtaro kwa mstari wa bluu, nikaanza kutabasamu, kisha nikaona unapopita.

Mama aliuona kabla sijasema.

"Inapita kwa yangu."

"Ndiyo, Mama. Katikati ya tuta lako."

"Hakuna njia ingine?"

Nilitamani iwepo. Nilitafuta mara mbili kwa ajili yake tu. "Hakuna."

Akavua viatu, akaingia kwenye tuta, akaanza kung'oa lengalenga mche kwa mche, akitunza udongo kwenye mizizi. Wenzake wakaja. Kila mmoja akapewa konzi moja akapande kwake. Nami nikainama, nikang'oa pamoja nao.

Kwenye treni ya kurudi nilituma ramani halmashauri, nikaegemea dirisha. Kama kuna nililojifunza, ni kwamba kipimo cha haki hakimwoni aliyekupikia. Mimi namwona, na kucha zangu bado zilikuwa na udongo wake.