Mgonjwa Aliyesimama Nyuma ya Zahanati

Ipo siku moja, mwanangu, Jumatano ya ukungu, ambayo nimeikumbuka mara nyingi kuliko siku ya harusi yangu. Sijawahi kuisimulia yote. Huwa nasimulia nusu, ile nusu ambayo mimi si mbaya sana, kisha naomba chai. Lakini nimesikia umeajiriwa hospitali, kwenye dirisha la bima, na kwamba wewe ndiwe unayewaambia wagonjwa dawa hii imo kwenye kadi yako na hii haimo. Kwa hiyo leo kaa, nikupe na ile nusu nyingine.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa nimetoka kwenye kozi fupi ya uuguzi, nikapangiwa zahanati ya kijiji kimoja huku Rungwe, juu kidogo, kwenye chai na viazi. Jina la kijiji naliacha, maana wahusika wana watoto na wajukuu, na kijiji hakikukosa. Niliyekosa ni mimi. Nilizaliwa Ibighi, pale pale mjini Tukuyu, na hilo kwangu lilikuwa jambo kubwa. Nilivaa sare iliyopigwa pasi mpaka kola ikanikwaruza shingo, na watu wazima waliponiita Nesi niliitika haraka, ingawa kozi yangu haikufika huko.

Ilikuwa miaka ile baada ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka ya Tukuyu yalikuwa yamejaa vitu, dawa zikauzwa mpaka karibu na stendi, lakini bei ya kahawa ilikuwa imewaangusha watu wetu, na aliyekuwa na ndizi alikuwa na ndizi tu. Zamani dawa za zahanati zilitolewa bure, siku zilipokuwepo. Kisha tukaambiwa kila mgonjwa achangie. Hatujazoea kuchangia, ikaja kadi ya kaya: familia inalipa mara moja, inatibiwa mwaka mzima. Waraka mmoja haujakauka wino, mwingine huo mlangoni. Wewe unalalamika kwamba kanuni za bima zinabadilika kila ukigeuka. Mwanangu, sisi ndio tulioanza kugeuka.

Kwa asiye na uwezo kulikuwa na barua ya msamaha. Barua hiyo ilitolewa na kamati ya wazee wanne wa kijiji, iliyokaa kila Jumatano kwenye chumba cha kusubiria pale zahanati. Mwombaji alitakiwa kusimama mwenyewe mbele yao na kueleza shida yake, nao wathibitishe kwamba wanamjua na kwamba kweli hana. Mimi nilikuwa karani wao, kwa sababu ya mwandiko. Kitabu cha barua kilikaa kwangu na muhuri ulikaa kwangu, na mtu akishika muhuri angali mdogo huanza kudhani wino unatoka mwilini mwake.

Sasa nikwambie juu ya Subilaga. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mama wa watoto wawili. Mume wake alikuwa ameenda Chunya kuchimba dhahabu, na tangu aende hakuleta kitu wala habari ya maana. Subilaga alikuwa na pumu. Wewe umekulia kwenye joto la Dar es Salaam, hujui ukungu wa kule juu unavyomtesa mwenye pumu. Mwezi wa sita na wa saba unaingia mpaka jikoni. Kila mwezi alikuja kuchukua vidonge vyake, na akivimeza kwa utaratibu alilima, akabeba ndizi hadi sokoni, akarudi na maneno ya kutuchekesha pale dirishani. Nilimpenda. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba sikumtendea vile kwa chuki.

Utaratibu wa kadi ulipoanza, Subilaga alikuja Jumatatu kama kawaida yake. Nikamweleza kwamba kama hana kadi na hawezi kulipa, basi alete barua. Akaniuliza kamati ni akina nani. Nikawataja, na nilipofika kwa Mzee Ambakisye akageuza uso ukutani, akavuta kitenge mpaka mdomoni.

"Nesi, huyo ni baba wa mume wangu," alisema kwa sauti ya chini.

Wewe ni wa kizazi cha kupiga picha na baba mkwe siku ya harusi, kwa hiyo nikueleze. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hakuonana na baba mkwe. Hakutaja jina lake, hakukaa naye chumba kimoja, na akimwona njiani alipita migombani. Haikuwa uadui. Ilikuwa heshima, tena ya pande zote mbili, maana mzee naye alikohoa kabla ya kukata kona ili mkwe wake apate nafasi ya kujificha. Mjini mambo hayo yalikuwa yamelegea, na wengine waliyacheka, lakini kule juu mwanamke aliyelelewa vizuri aliyashika. Kumtaka Subilaga asimame mbele ya mzee yule na kutangaza umaskini wa nyumba ya mwanawe kulikuwa sawa na kumtaka avue nguo hadharani. Na mimi nilijua. Ningekuwa mgeni kutoka mbali ningesamehewa, lakini bibi yangu mzaa mama alipita migombani maisha yake yote.

"Wewe ni mtu wa huku, unaelewa," aliniambia. "Nisemee wewe siku hiyo. Au nimtume jirani yangu."

"Kanuni inasema mgonjwa mwenyewe," nikamjibu. Kisha nikaongeza ambalo halikuombwa. "Kwani mzee atakung'ata? Haya mambo ya kizamani ndiyo yanayotuchelewesha."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema waliotutangulia. Subilaga alikaza kitenge chake, akaondoka. Ningeweza kumpa vidonge vya wiki moja kutoka kwenye kopo. Vilikuwepo, na mganga wa zahanati, mkubwa wangu wa kazi, asingeuliza. Sikumpa. Nilidhani namfundisha.

Jumatano kamati ikakaa. Ukungu ulikuwa mzito hata tukawasha chemli mchana. Mzee Ambakisye alikaa kwenye benchi karibu na mlango, kofia yake gotini. Waombaji walipita mmoja mmoja, nami nikaandika na kupiga muhuri. Katikati ya kikao nikatoka kwenda kwenye jiko la nyuma kuwaletea wazee chai, na hapo nikamkuta Subilaga amesimama chini ya upenu, kitenge kimeloa, anapumua kwa mluzi.

"Amekaa wapi?" aliniuliza.

"Karibu na mlango."

"Basi siwezi kupita. Nisemee, dada. Waambie nipo huku nyuma."

Aliniita dada, si Nesi. Birika lilikuwa mkononi mwangu. Nikamwambia apite mlango wa mbele kama wenzake, na kwamba akijaribu mara moja hataogopa tena. Nikaingia ndani, nikamimina chai. Mwenyekiti akaniuliza, "Yupo mwingine?" Nikasema, "Hayupo."

Ni neno moja tu, mwanangu, na wala sikulisema kwa hasira. Niliona kwamba Jumatano ijayo atakuja na akili mpya, na nitakuwa nimemsaidia kuacha ushamba. Nilipotoka kuosha vikombe alikuwa ameshaondoka.

Wiki ile mvua ya baridi haikukatika. Jumanne asubuhi tuliona wanaume wanashuka kilimani wamembeba Subilaga kwenye machela ya mianzi. Walisema amehangaika siku tatu, wamemfukizia majani, na majani hayakusaidia. Mganga alimchoma sindano aliyokuwa nayo, akatuma mtu akimbie kwenye shamba la chai kuomba gari la kumpeleka hospitali. Mimi nilimshika mgongoni ili akae wima. Hakuwa na pumzi ya kusema, aliniangalia tu. Gari lilipofika tulikuwa tumeshamfunika.

Nikatoka nje kupata hewa. Mzee Ambakisye alikuwa ameifuata machela njia nzima, lakini kwa mbali, na sasa alisimama ng'ambo ya barabara kwenye chai, ametupa mgongo, mvua inamnyeshea. Blanketi tulilomfunikia Subilaga lilikuwa la mzee. Alilituma kwa mikono ya watu. Hata siku hiyo alimtunzia mkwe wake heshima. Nilirudi ndani nikalia, na mganga akadhani nalia kwa sababu ilikuwa maiti yangu ya kwanza. Nikamwacha adhani hivyo.

Matanga yalipokwisha, Jumatano moja mzee alikuja mapema kabla ya wenzake. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa pale pale benchini.

"Mwanangu, yule mama wa watoto, siku ile alikuja hapa?"

"Alikuja, baba."

"Alisimama wapi?"

"Nyuma, kwenye jiko."

Nilitamani anitukane. Angeinuka akanichapa kwa fimbo yake ningeshukuru.

"Ungeniambia tu, mzee, hebu toka kidogo," alisema. "Ningetoka. Ningekwenda kukaa huko kwenye shamba la chai mpaka mmalize. Kutoka nje ni kazi gani, mwanangu? Miaka yote nimekuwa nikimpisha."

Pale darasani walinifundisha dozi za watoto na za wakubwa, nikazikariri zote. Lakini dawa ya Subilaga ilihitaji mzee mmoja atoke nje dakika tano, na mzee mwenyewe alikuwa tayari kutoka, na aliyeijua shida ya pande zote mbili ni mimi peke yangu.

Kisha mzee akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema naye ana lake, maana alijua mkwe wake ana pumu na mwanawe haleti kitu, lakini alikubali kukaa kwenye kamati bila kujiuliza yule ataombea wapi. "Tumemkosea wote wawili," alisema. "Mimi nimeshazeeka. Wewe bado utakaa hapo na kalamu." Akaomba jina lake lifutwe kwenye kamati, akashika fimbo yake, akaenda. Hakunishtaki kwa mganga wala kwa mtu mwingine yeyote. Sijui kama alitambua kwamba kuniacha hivyo ilikuwa adhabu ndefu kuliko zote.

Majuto ni mjukuu, na huyu wangu hajawahi kuhama nyumbani. Tangu siku ile, kila Jumatano nilizunguka kwanza nyuma ya jengo, na kila aliyekuja nilimwuliza pembeni kama ndani kuna mtu ambaye asingeweza kusimama mbele yake. Ungeshangaa majibu. Si wakwe tu. Mmoja alimwogopa mwalimu aliyemfundisha, mwingine mume waliyeachana, mwingine rafiki wa marehemu baba yake. Wazee walitoka nje bila kinyongo, na mmoja wao alifurahia sana, maana alipata nafasi ya kuvuta kiko. Watu wakapata dawa zao. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na Subilaga hakurudi kuchukua vidonge vyake.

Binti yake mkubwa anauza ndizi sokoni Tukuyu. Nanunua kwake mara kwa mara. Ananiita bibi, ananichagulia kichane kizuri, na hakubali nibebe mwenyewe mpaka barabarani. Nimekwenda mara nyingi nikiwa nimejiandaa kumwambia, nikarudi na ndizi. Wewe nakwambia kwa sababu kukwambia wewe ni rahisi. Usinisifu kwa hilo.

Basi shika haya. Kanuni za bima jifunze zote, za jana na za leo asubuhi, wala usizidharau, kwa maana asiyejua njia hawezi kumpitisha mtu. Lakini kabla hujamwambia mgonjwa haiwezekani, mwulize kinachomzuia, umwulize pembeni, kwa sauti ndogo. Labda fomu inataka sahihi ya mume ambaye hayupo. Labda jina lake limekosewa kwenye kadi na anaona haya kusema hajui kusoma. Dawa ikiondolewa kwenye orodha, inuka umwendee daktari, uulize kama ipo nyingine iliyomo inayofanya kazi ile ile. Kiti chako hakitakimbia. Na mtu asipoonekana dirishani usihesabu kwamba hana shida. Wapo wanaosimama mahali ambapo usipotoka hutawaona.

Mila ya mtu usiifanye fimbo ya kumchapia akiwa mgonjwa. Kama unaona imepitwa na wakati, ngoja apone, mbishane akiwa na pumzi. Watu husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mimi hata kutoa changu sikuombwa. Niliombwa niseme kwamba mtu yupo nyuma ya jiko, na nikaona ni kazi kubwa.

Mungu akubariki, mwanangu, aibariki na kazi ya mikono yako. Akupe miguu myepesi ya kuinuka na ulimi mzito wa kukataa. Akukinge na kiburi cha wanaojua kidogo, kwa maana kile changu kimemlaza mtu kaburini. Na ukijaliwa kuzeeka, akupe hili ambalo mimi sikupata: uende sokoni ununue ndizi kwa mtoto wa yeyote uliyemhudumia, naye akikukabidhi, umtazame usoni.