Sarafu Yangu Ilipotafutiwa Mchumba

Watu wa mtaa wetu wa Gihosha wananijua kwa ugonjwa mmoja: kukusanya sarafu za fedha zinazotolewa wafalme wanapoadhimisha miaka yao ya kutawala. Ile ya jubilei ya mfalme wa Wabelgiji ilitoka kwa namna mbili, moja ina maandishi ya Kiflamandi na nyingine ya Kifaransa. Mimi nilikuwa na ya Kiflamandi tu. Ilikaa kwenye kisanduku chake kama kapera, na roho iliniuma kila nilipokifungua.

Ya Kifaransa ilikuwa kabatini kwa jirani yangu, mama mjane. Marehemu mumewe, fundi wa magari, alizawadiwa na padri aliyekuwa akirudi kwao. Niliomba kuinunua, akakataa. Niliomba tubadilishane, akacheka. Basi nikaamua kwenda kuiposa.

Nilifuata heshima zote. Nilivaa koti, nikabeba kreti la Fanta, nikamchukua shemeji yangu awe msemaji, maana kwetu mposaji hajisemei. Shemeji akazunguka maneno weee, mpaka akafika: "Mama, tuko na kijana kule kwetu, iko peke yake. Tumesikia mu nyumba hii kuko binti mumoja mweupe, wa muviringo."

Mama hata hakutabasamu. "Binti iko. Lakini iko bado mutoto, na mi sijachoka kumulea. Murudi mwaka kesho."

Na Fanta akazinywa! Tulirudi mwaka uliofuata, na mwingine tena. Binti alikuwa bado mdogo. Mvumilivu hula mbivu, shemeji alinituliza, lakini mimi nilishaanza kununa.

Mwaka huu wakaja kumposa binti yangu mwenyewe, wa damu. Msemaji wetu aliponigeukia nitoe kauli, nilitaka kusema bado ni mdogo. Ana shahada na kazi, lakini ndivyo moyo ulivyonituma. Nikakubali, kisha nikatoka uani kufuta machozi.

Mama yule jirani, aliyekuwa kati ya wageni, alinifuata. Akanishika mkono, akaniwekea sarafu kiganjani.

"Sasa unajua namna kutoa kunauma, baba. Chukua. Lakini kila siku ya Mungu nitakuja kumuona mutoto yangu."

Anakuja kweli, kila Jumapili. Tunafungua kisanduku, anawasalimia maharusi, anamaliza Fanta yake. Halafu ananisindikiza Kibenga kwa mkwe, nikamwone wangu.