Pilau ya Arobaini Iliyoliwa kwa Kijiko

Jumapili ya arobaini ya mama, kwetu Kinondoni, nilipoteza kilo ishirini za mchele na heshima yote niliyokuwa nayo jikoni, na simsingizii mtu, aliyeharibu ni mie mwenyewe.

Mama alisifika mtaa mzima kwa pilau, kila punje peke yake, na mie ndiye binti yake wa pekee, kwa hiyo nilitaka siku ile watu waseme mkono wake haujazikwa naye. Jumamosi nikaenda sokoni Tandale na mama mdogo Zuhura. Mzee mmoja alikuwa na mchele wa mwaka jana, umefifia, una vumbivumbi. Meza ya pili mchele ndio umetoka kuvunwa, mweupe, unanukia mpaka unatamani kuutafuna mbichi (niliutafuna), na bei iko chini kwa mia sita kila kilo. Mama mdogo akasema tuchukue wa yule mzee. Nikamcheka.

"Mama mdogo, yaani tulipe zaidi kwa kitu kibaya?"

"Haya, fundi wa bei," akanijibu, nami nikapimiwa kilo ishirini za ule mpya.

Jumapili nikawaondoa wanawake wote kwenye sufuria, nikapima maji kama alivyokuwa akipima mama, nikafunika, nikaweka makaa juu, nikakaa natabasamu. Nilipofunua, mwiko ulisimama wenyewe. Mchele mpya hautaki maji mengi, na mie nilikuwa nimeutilia maji ya mchele wa zamani, ambao ndio mama aliununua miaka yote. Ikawa bokoboko yenye binzari.

Hitima ishasomwa, watu wameshanawa, masinia yakatoka. Shehe akamega, ikamganda vidoleni, akaitazama kwa upole, akaomba kijiko. Wote wakataka vijiko, na nyumbani tulikuwa navyo sita. Jirani mmoja akauliza kama leo kuna mgonjwa. Mama mdogo hakunisema hata neno, alikuwa anakusanya vijiko, anaosha, anavirudisha, na hilo ndilo lililoniuma.

Sinunui tena mchele bila kuuliza umevunwa lini, hata unukie vipi. Jumatatu nikarudi kwa yule mzee, nikampa shikamoo, nikaomba kilo mbili. Akanitazama, akauliza kama mie si binti wa yule mama wa Kinondoni anayebishana naye bei kila mwezi, mbona siku hizi hamwoni. Nikamwambia amefariki. Akapima kilo mbili, kisha akachota konzi moja akaongeza juu.

"Hii alikuwaga anajichukulia mwenyewe," akasema.